Sukari ya Wachezaji wa Akiba: Kisa cha Harvard, 1913

Jumamosi ya tarehe 22 Novemba 1913, timu ya Chuo Kikuu cha Harvard iliifunga Yale 15 kwa 5 katika soka la Kimarekani, kwenye uwanja wa nyumbani ng'ambo ya mto Charles. Pointi zote 15 zilitoka mguuni mwa mtu mmoja, Charlie Brickley, aliyeupitisha mpira kati ya nguzo za goli mara 5. Siku hiyo ilikuwa ya Brickley. Lakini palikuwa na mtu aliyevutiwa na jambo jingine kabisa. Walter Cannon, mwalimu wa fiziolojia wa chuo hichohicho, alitaka mkojo wa timu.

Mara tu baada ya mechi, Cannon na mwenzake Fiske walipima mkojo wa watu 25 wa kikosi cha Harvard. Katika 12 walikuta sukari. Na kati ya hao 12, watu 5 walikuwa wachezaji wa akiba ambao hawakuitwa kuingia uwanjani. Kulikuwa pia na shabiki mmoja wa Harvard aliyepandwa na mori wa mechi. Naye alipopimwa alikuwa na sukari nyingi, na kesho yake ilikuwa imetoweka.

Hao 5 wa benchi ndio kisa chetu. Wenzao 7 tuwaweke kando kwanza, kwa sababu habari zao zina maelezo mengi mno: walikimbia, waligongana, walianguka, misuli ilidai chakula. Mtu akisema sukari yao ililetwa na kazi, utabishana naye mpaka jioni. Aliyekaa benchi hana kisingizio hicho. Alichofanya ni kutazama na kungoja jina lake. Kila aliyewahi kukaa benchi siku ya mechi kubwa anakijua kikao hicho: viganja vya baridi, koo kavu, moyo unaodunda mpaka unausikia masikioni, na haja ndogo isiyokwisha hata ukienda mara tatu. Kumbe pamoja na hayo yote, chini ya mbavu za kulia, ini limeshaanza kumwaga akiba yake kwa ajili ya mbio ambazo hazitakimbiwa.

Tuanze na uzito wa jambo lenyewe, maana "sukari kwenye mkojo" ni maneno yanayopita haraka. Aliyesoma baiolojia sekondari amekifanya kipimo cha sukari kwa mkono wake: unachanganya sampuli na myeyusho wa buluu wa Benedict, unachemsha, unasubiri. Pasipo na sukari, buluu inabaki buluu. Ikiwapo kidogo inageuka kijani, ikizidi njano, kisha rangi ya chungwa, mwisho wekundu wa tofali unaotuama chini ya kijaribio. Mkojo wa mtu mzima mwenye afya hubaki buluu. Figo huichuja glukosi yote iliyomo damuni, halafu huirudisha yote, punje kwa punje. Zinaelemewa pale tu damu inapobeba karibu miligramu 180 kwa kila desilita, ingawa kiwango hicho hupanda na kushuka kidogo kutoka mtu hadi mtu. Aliyeshinda bila kula ana chini ya 100.

Kwa hiyo kumkuta mtu wa benchi na sukari kwenye mkojo ni kusema kwamba, wakati fulani wa mechi, sukari ya damu yake ilikaribia maradufu. Tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 ana gramu 4 au 5 za glukosi katika damu yote, yaani kijiko kimoja cha chai. Ukijumlisha na majimaji yanayozizunguka seli nje ya mishipa, unafika gramu 13 au 14. Kukiinua kiwango hicho maradufu kunahitaji gramu nyingine kama hizo, na zaidi, kwa kuwa ubongo haukuacha kula yalipokuwa yakitokea. Hizo gramu zilitoka wapi?

Ghala ni mbili. Misuli ya mtu mzima huhifadhi kama gramu 400 za glaikojeni, ini kama gramu 100. Glaikojeni ni minyororo ya glukosi iliyoshikana kwa matawi, mfano wa mti uliofyekwa majani ukabaki vijiti vitupu. Mwanafunzi akiulizwa, hujibu misuli, kwa kuwa ndiko kwenye mzigo mkubwa. Sivyo. Glukosi inayokatwa kutoka kwenye glaikojeni huwa imebandikwa fosfati, na ikiwa na fosfati haipiti kwenye utando wa seli. Ini lina kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemia mwilini) cha kuibandua, kiitwacho glukosi-6-fosfatesi. Msuli hauna. Sukari ya msuli basi huliwa mlemle. Kinachoweza kutoka nje ni laktati, ambayo italisafiria ini na kugeuzwa glukosi huko. Vyovyote utakavyozunguka, mlango mkuu wa kutokea sukari kwenda damuni ni ini. Gramu zile za mtu wa benchi zilipitia hapo.

Cannon hakuamka siku moja akaamua kuwakusanyia wanamichezo chupa. Miaka miwili kabla, 1911, yeye na wenzake walikuwa na paka. Paka aliyefungwa kwenye kifaa cha kumshikilia, bila kuumizwa, alipandwa na hasira au hofu, na baada ya muda mkojo wake ukawa na sukari. Paka aliyewekwa ndani ya kizimba mbwa akawa anambwekea, vilevile. Wengine walitolewa kwanza tezi za adrenali, zile mbili zinazokaa juu ya figo kama kofia. Wakafungwa kama wenzao, na mkojo ukabaki safi. Mwaka huohuo Cannon na Daniel de la Paz walichukua damu ya paka kabla na baada ya kubwekewa, wakaimimina juu ya kipande cha msuli wa utumbo kilichokuwa kikijikaza na kujilegeza chenyewe. Damu ya paka aliyetulia haikukisumbua. Damu ya paka aliyetishwa ilikinyamazisha, sawasawa na adrenalini, homoni ya tezi hizo, inavyokinyamazisha.

Na adrenalini ilikuwa inajulikana tayari. Mwaka 1901 Ferdinand Blum wa Ujerumani alieleza kwamba ukimdunga mnyama maji ya tezi ile, sukari inatokea kwenye mkojo. Mwaka huohuo Jokichi Takamine, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitangaza kwamba ameitenga ikiwa fuwele. Baada ya paka wakaja watu. Wanafunzi 9 wa udaktari walipimwa: baada ya mtihani mgumu, 4 walikuwa na sukari, baada ya mtihani mwepesi, 1. Mtihani unafanywa ukiwa umekaa kitini. Msuli unaotaabika zaidi ni wa vidole vilivyoshika kalamu.

Hapo nina neno. Kisa cha paka waliotolewa tezi hakijanitosheleza kama kinavyosimuliwa. Tezi ya adrenali ni tezi mbili ndani ya gamba moja: kiini kinatoa adrenalini, ganda la nje linatoa homoni nyingine, kotisoli, na ini lisilo na kotisoli halijazi wala kumwaga sukari inavyotakiwa. Paka asiye na tezi zote mbili ni mgonjwa anayeelekea kufa. Mkojo wake safi unaweza kuwa na sababu mbili. Cannon alikuwa amelenga sawa, lakini paka wale pekee wasingetosha kumfunga mshitakiwa, yaani adrenalini. Kilichomfunga kilikuja zaidi ya miaka 40 baadaye, ndani ya kijaribio kisichokuwa na mnyama, hofu wala mechi.

Kabla ya kufika huko, nirudi kwenye jambo moja ambalo nimelisahihisha kwenye karatasi za mitihani mpaka nimechoka. Wanafunzi huandika: "adrenalini huupa mwili nguvu." Adrenalini haina nguvu ya kumpa mtu. Ni meseji. Ukipokea meseji ya M-Pesa, ndani ya simu hakuna noti hata moja; noti ziko kwenye droo ya wakala, na zilikuwamo kabla meseji haijaandikwa. Glukosi ya mtu wa benchi ilikuwa ndani ya ini tangu mlo wake wa mwisho. Swali ni jinsi wakala alivyojua kwamba alipe, na kwa nini alilipa kabla mtu hajaja kudai.

Kulipa kabla hakuna fumbo kubwa. Macho yalimwona Brickley anarudi nyuma kupiga, masikio yakasikia uwanja unanguruma, ubongo ukaamua kwamba hali ni ya hatari au ya furaha inayofanana na hatari. Haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, ikapeleka amri kupitia uti wa mgongo. Neva zinazokwenda kwenye kiini cha tezi ya adrenali zina upekee: haziishii kwenye kituo cha katikati kama zifanyavyo nyingine za mfumo huo wa neva za dharura, zinakwenda moja kwa moja mpaka kwenye seli za tezi na kuzimwagia asetilikolini, kemikali ambayo neva hupelekea ujumbe. Seli hizo zimejaa vifuko vya homoni iliyokwisha tengenezwa. Zinavipasua. Sekunde chache baadaye adrenalini inazunguka na damu. Misuli haikuulizwa kama ina njaa. Amri ilitoka juu, kwa kukisia tu.

Ila ini lilisomaje meseji? Hili ndilo lililomkalia kichwani Earl Sutherland, mwanabiokemia wa Marekani. Alikuwa ametokea St. Louis, katika maabara ya Carl na Gerty Cori, ambao walikuwa wamekipata kimeng'enya kinachokata glukosi kutoka kwenye mnyororo: fosforilesi. Sutherland alijua kwamba vipande vyembamba vya ini vikiwekwa chomboni na kutiwa adrenalini, fosforilesi inaamka na glukosi inamwagika. Lakini kipande cha ini ni seli nzima nzima. Huwezi kujua kama homoni imeingia ndani na kukigusa kimeng'enya, au imebisha hodi tu mlangoni.

Baada ya kuhamia Chuo Kikuu cha Western Reserve, Cleveland, yeye na Theodore Rall walilisaga ini mpaka likawa uji. Seli zote zimepasuka, hakuna mlango wala ukuta. Wakatia adrenalini na ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Fosforilesi ikaamka. Wakati ule wengi waliamini homoni haiwezi kufanya kazi kwenye seli iliyovunjwa, kwa hiyo hili peke yake lilikuwa habari. Kisha wakauweka uji kwenye sentrifuji na kuuzungusha. Vipande vizito vya utando vikashuka chini kama mashapo ya mtungi, juu yakabaki maji yenye vimeng'enya, fosforilesi ikiwamo. Wakayamwaga maji hayo kwenye chombo kingine na kuyatia adrenalini.

Kimya. Homoni ipo, kimeng'enya kipo, ATP ipo, na hakuna kinachotokea.

Wakageukia mashapo. Wakayatia adrenalini na ATP, wakasubiri, kisha wakachemsha. Ukichemsha protini inaganda kama ute wa yai, inakufa. Wakachukua maji yaliyobaki baada ya kuchemsha, ambayo hayana tena kimeng'enya hai wala kipande cha utando, wakayatia kwenye yale maji ya juu yaliyokuwa yamegoma. Fosforilesi ikaamka.

Mimi huwasimamisha wanafunzi hapa. Fikiri ni nini kimethibitishwa kwa vyombo viwili na moto. Adrenalini haikigusi kimeng'enya. Inagusa kitu kilichomo kwenye utando, na utando unatoa kitu kingine, kidogo, kisichokufa kwa kuchemshwa, ambacho ndicho kinachokwenda kuamsha kimeng'enya ndani. Meseji ilibadilisha mikono mlangoni. Mjumbe wa kwanza alibaki nje, wa pili ndiye aliyeingia.

Mjumbe huyo wa pili alikuwa nani? Sutherland aliyekuwa Cleveland alimwandikia barua Leon Heppel, mtaalamu wa mambo hayo katika taasisi za taifa za afya za Marekani, akieleza dutu yake ya ajabu. David Lipkin wa St. Louis naye alikuwa amemwandikia Heppel habari za dutu aliyoipata kwa kuichemsha ATP na barita (hidroksidi ya bariamu), bila ini wala homoni. Barua mbili, meza moja. Heppel ndiye aliyeng'amua kwamba watu hao wawili wanazungumzia kitu kilekile: AMP-saikliki, kipande cha ATP kilichojikunja fosfati yake ikawa pete. Ilikuwa mwisho wa miaka ya 1950. Sutherland alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971, akafariki 1974.

Turudi benchi basi, na safari hii tuingie ndani ya seli moja ya ini la kijana yule.

Adrenalini inatua kwenye kipokezi kilichoshonwa kwenye utando, aina ya beta-2. Kipokezi ni protini inayoupenya utando huo mara 7, nje ina pango la kuipokea homoni, ndani ina mkia. Homoni ikikaa pangoni, upande wa ndani unajinyonga kidogo. Kunyongeka huko ndiko kila kitu. Chini yake inangoja protini G, iliyokumbatia GDP na kulala. (GTP ni ndugu ya ATP; GDP ni GTP iliyopungukiwa fosfati moja.) Kipokezi kilichojinyonga kinailegeza. GDP inadondoka, GTP inaingia mahali pake, na kipande kimoja cha protini G kinaachana na wenzake, kinateleza kando ya utando mpaka kwenye kimeng'enya kinachoitwa adenili saiklesi. Hicho ndicho kinachochukua ATP na kuikunja kuwa AMP-saikliki. (Martin Rodbell na Alfred Gilman walituzwa 1994 kwa protini G, Robert Lefkowitz na Brian Kobilka 2012 kwa vipokezi. Kila ngazi ya mnyororo huu imegharimu maisha ya watu kazini.)

AMP-saikliki inasambaa ndani ya seli na kukikuta kimeng'enya kainesi A, ambacho kimefungwa pingu. Kina vipande vinne: viwili vya kazi na viwili vya kuvizuia. Molekuli 4 za AMP-saikliki zikivikalia vile vya kuzuia, vinaviachia vya kazi. Kainesi ni kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine, na kainesi A inaibandika kwenye kainesi nyingine, ile ya fosforilesi. Hiyo nayo inaibandika kwenye fosforilesi yenyewe, mahali pamoja tu, kwenye amino asidi ya 14 tangu mwanzo wa mnyororo wake, iitwayo serini. Edmond Fischer na Edwin Krebs walionyesha huko Seattle, mwaka 1955, kwamba kubandikwa fosfati ndiko kunakoigeuza fosforilesi iliyolala kuwa iliyo macho. Sasa inakwenda kwenye ncha za matawi ya glaikojeni na kukata glukosi moja baada ya nyingine, ikitumia fosfati ya kawaida iliyomo ndani ya seli, bila kulipa ATP.

Wakati huohuo kainesi A inabandika fosfati pia kwenye kimeng'enya kinachojenga glaikojeni, na huko fosfati inazima badala ya kuwasha. Ni lazima iwe hivyo. Kukata upande mmoja huku unajenga upande wa pili ni kujaza maji kwenye pakacha.

Hatua ni nyingi, na mwanafunzi mwenye akili huuliza kwa nini. Kwa nini adrenalini isikate glaikojeni yenyewe, yakaisha? Jibu liko kwenye kiasi. Mtu aliyeshtuka anaweza kuwa na adrenalini ya nanomoli 1 kwa lita ya damu. Glukosi inayohitaji kuongezeka inahesabiwa kwa milimoli, tuseme 5 kwa lita. Ukigawanya, ni molekuli milioni 5 za glukosi kwa kila molekuli moja ya adrenalini. Mjumbe mmoja hawezi kubeba mzigo huo. Lakini kipokezi kimoja kilichowashwa huamsha protini G kadhaa, saiklesi moja hukunja ATP nyingi, kainesi moja hubandika fosfati kwenye protini nyingi, na kila fosforilesi iliyo macho hukata bila kupumzika. Kila ngazi inazidisha ile iliyotangulia.

Kuna jambo ambalo masimulizi ya vitabu vya shule huliacha, nami naona ni dhuluma kwa kisa hiki. Njia ya AMP-saikliki haikuwa peke yake ndani ya kijana yule. Seli za ini la binadamu zina vipokezi vya aina nyingine pia, alfa-1, ambavyo hupitia protini G tofauti na kufungua maghala ya kalsiamu ndani ya seli. Kalsiamu hiyo huiamsha kainesi ya fosforilesi moja kwa moja. Njia mbili zinakutana kwenye kizingiti kimoja. Fischer na Krebs waliikuta kalsiamu kwa bahati: walikuwa wakichuja nyama iliyosagwa kwa karatasi ya chujio, na karatasi ilikuwa na chembe za kalsiamu. Walipoacha kutumia karatasi, fosforilesi ikaacha kuamka, wakabaki wanajiuliza wamekosea wapi.

Tena adrenalini iliikaba insulini kwenye kongosho na kuichochea glukagoni, homoni ya kongosho inayopandisha sukari, na glukagoni hupiga mlango tofauti wa seli ileile ya ini na kuishia kwenye AMP-saikliki ileile. Insulini ikishuka, misuli na mafuta hupunguza kunyonya glukosi. Hapo ndipo namwelewa mtu wa benchi. Sukari inamwagika kutoka ini, na misuli yake haina kazi ya kuila. Mwenzake aliye uwanjani anamwaga vilevile, lakini miguu yake inazoa inachokiweza, maana msuli unaojikaza hunyonya glukosi hata bila kuombwa na insulini. Wa benchi hana pa kuipeleka. Inajaa damuni mpaka figo zinaelemewa, na inayofurika inaangukia kwenye chupa ya Cannon.

Cannon aliyakusanya haya kitabuni mwaka 1915, akasema mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Nakubali kwa sehemu kubwa. Ninachoongeza ni kwamba maandalizi hayo hayana akili ya kujua kama ni simba au ni mpira. Hakuna hatua hata moja katika mnyororo ule, kuanzia kipokezi hadi fosforilesi, inayouliza kama mtu ataitwa kuingia uwanjani. Ikiwa amri imetoka, inatekelezwa.

Wauguzi wanalijua hili kwa njia nyingine. Mgonjwa anafika na jeraha la moto au mshtuko wa moyo, anapimwa, sukari iko juu, na ndugu nje wanaambizana kwamba mzee ana kisukari. Inawezekana anacho. Inawezekana pia ni ini lililopokea meseji, kotisoli ikisaidia. Daktari makini hampi jina la ugonjwa kwa kipimo kimoja cha saa ya taharuki. Anarudia hali ikitulia, au anapima HbA1c, inayoonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3 iliyopita na haishtushwi na jambo la leo.

Na kutulia ndiko kunakonirudisha kwa yule shabiki, ambaye kwangu ana thamani kuliko alivyopewa. Kuzima si kule kwa kuacha tu kuwasha. Adrenalini yenyewe haikai. Nusu yake hutoweka damuni ndani ya dakika 2 au 3. Kipande cha protini G kilichobeba GTP kina saa yake ndani: kinaikata GTP chenyewe, kinarudi kuwa na GDP, kinalala. AMP-saikliki inakunjuliwa pete yake na fosfodiesteresi, kimeng'enya ambacho kafeini hukizuia maabarani, ingawa kwa vipimo ambavyo vikombe vyako vya kahawa havifiki. Vipande vya kuzuia vinaikamata tena kainesi A. Fosfatesi zinazunguka zikibandua fosfati moja moja, kwenye kainesi, kwenye fosforilesi, na kwenye kimeng'enya cha kujenga, ambacho kikibanduliwa ndipo kinapoamka. Uwanja ukishakuwa mtupu na mtu amekula chakula cha jioni, insulini inapanda na ini linaanza kufunga glukosi mnyororoni upya. Shabiki yule alilala, akaamka Jumapili, akapimwa tena, na sukari haikuwapo.